Mwaka wa nne wa PhD ya saikolojia ya kliniki, data iko nusu na wasimamizi hawaelewani. Mlimalizaje?

Ciru_Kliniki

Hamjambo wote. Naandika hapa kwa sababu najua kuna watu humu ndani wamepita hii njia ya uzamivu wa saikolojia ya kliniki na wengine mnasimamia wanafunzi, na mimi nimefika mahali sijui nishike wapi.

Niko Nairobi, mwaka wa nne. Asubuhi nafanya kazi kama mwanasaikolojia kwenye hospitali ya kaunti, mchana kama hakuna dharura ndio nafungua kompyuta. Utafiti wangu ni sonona, yaani depression, kwa akina mama baada ya kujifungua. Propozo iliyopitishwa inasema nitapima akina mama 384 kwa hojaji ya Edinburgh, ile ya kuchuja dalili za sonona baada ya kujifungua, wale watakaopata alama 13 kwenda juu niwagawe makundi mawili, kundi moja lipate tiba ya kikundi ile ya mahusiano (wamama wanazungumzia shida zao na watu wao wa karibu) vikao vinane, lingine libaki na huduma ya kawaida, halafu niwafuatilie miezi sita, na juu ya hayo nifanye intavyuu na waume zao na mama wakwe. Saa hii nimepima akina mama kama 140 hivi, na waliovuka 13 hawafiki 30, tiba yenyewe hata sijaanza.

Wasimamizi ni wawili. Mmoja ni mtu wa takwimu na anataka jaribio kamili, mwingine ni mtu wa tiba na anasema niache namba nisikilize wamama. Chapta ya pili ilikaa kwa mmoja wao karibu muhula mzima, iliporudi ilikuwa na maoni ambayo yanapingana na ya mwenzake kwenye ukurasa huohuo. Nikienda kwa huyu narekebisha, nikienda kwa yule narudisha.

Naomba mnisaidie, je nipunguze kazi au nitaonekana nimekimbia propozo yangu, na je niombe kubadilishiwa msimamizi, na kitu kingine kinanisumbua sana ni kwamba baadhi ya hao akina mama waliovuka 13 ni wateja wangu mwenyewe pale kliniki. Nawaingiza kwenye utafiti au siwaingizi? Asanteni.

MwalimuWaUzamili

Pole binti yangu, na usikate tamaa, maana mtu mwenye propozo iliyopita, kibali, na akina mama 140 kwenye faili amefanya kazi kubwa tayari.

Nianze na hiyo 384 kwa sababu naiona kwenye propozo za wanafunzi kila wakati na inawatesa bure. Hiyo namba inatoka kwenye fomula ya kukadiria ukubwa wa tatizo: uhakika asilimia 95, kosa la asilimia 5 juu na chini, na kwa kuwa hujui kiwango halisi unaweka asilimia 50. Inajibu swali moja tu, kati ya akina mama mia wangapi wana dalili za sonona. Haisemi lolote kuhusu tiba. Ukitaka kulinganisha makundi mawili na unatarajia tofauti ya kati, yaani nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika), unahitaji watu 64 kila kundi ili uwe na uwezo wa asilimia 80 wa kuiona, na ukihesabu kwamba mmoja kati ya watano atapotea njiani unafika 80 kila kundi. Tofauti ikiwa ndogo zaidi, 0.3 tuseme, unakwenda kama 175 kila kundi.

Sasa piga hesabu kwa propozo yako. Makundi mawili ya 80 ni akina mama 160 waliovuka 13. Kuwapata 160 kutoka kwa 384 ina maana zaidi ya 4 kati ya kila 10 wavuke, na wewe kwa data yako mwenyewe unaona karibu 2 kati ya 10. Kwa hiyo hata ungefanya kazi usiku na mchana hilo jaribio halikuwa linatosha kwenye hiyo sampuli, na hayo yalipaswa kusemwa na sisi tunaokaa kwenye vikao vya kupitisha propozo. Ukipeleka hiyo hesabu kwa wasimamizi wako hutaonekana umekimbia, utaonekana umeisoma propozo yako kuliko walioipitisha.

Ushauri wangu, ligeuze liwe jaribio dogo la kuangalia kama hii tiba inawezekana pale ulipo. Maswali yanabadilika: wamama wangapi wakiombwa wanakubali, wangapi wanafika kikao cha nane, anayeendesha kikundi anafuata mwongozo au anajitungia, na wamama wenyewe wanasema nini kuhusu kukaa kwenye kikundi na wenzao. Hapo hulazimiki kuthibitisha kwamba tiba inaponya. Na unaona wasimamizi wote wawili wana chakula mezani, wa takwimu ana viwango vya kukubali na kubaki, wa tiba ana intavyuu. Waume na mama wakwe waachie mtafiti mwingine.

Wala tiba yenyewe usiitunge. Ile ya kikundi ya mahusiano ilishajaribiwa hapa jirani kabisa, vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, matokeo yakatoka 2003, na Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa vikao vinane 2016. Upo bure mtandaoni. Tasnifu ya uzamivu inaonyesha kwamba unaweza kuuliza swali na kulijibu kwa njia inayoaminika, kubuni dawa mpya ya sonona si kazi ya mwanafunzi mmoja mwenye zamu ya asubuhi.

Kuhusu wasimamizi. Acha kuwaendea mmoja mmoja. Omba kikao kimoja wote wawili wakiwepo, hata kwa simu, uende na karatasi ya ukurasa mmoja: swali, washiriki ni nani, kipimo gani, lini. Usitoke bila uamuzi, na jioni hiyohiyo waandikie imeili, "leo tumekubaliana haya na haya, kama kuna nisiloelewa vizuri naomba mniambie kabla ya Ijumaa." Kisha hiyo imeili iwe kichwani mwa kila rasimu unayotuma. Na rasimu usitume kurasa sitini ukasema "naomba maoni". Tuma kumi, useme nataka mniambie kama hoja ya kurasa hizi inashika. Nasema kama mtu anayepokea hizo rasimu, yenye swali maalum huwa naisoma wiki hiyo, ile ya sitini naisubirishia likizo na likizo nayo inakuja na mambo yake.

Usisahau pia kwamba taratibu za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za 2014 zinataka makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa. Ya kwanza unayo tayari kwenye hao 140, nitaeleza ukiuliza.

Kevo_Pwani

Mi naona mnamzungusha dada wa watu. Msimamizi anayekaa na chapta muhula mzima hafai, abadilishwe. Mwanafunzi analipa karo kila muhula, anasubiri, mwisho anaambiwa amechelewa yeye. Nilimwona rafiki yangu wa karibu akipoteza miaka hivyohivyo, chuo sikitaji, na alipobadilishiwa msimamizi alimaliza. Andika barua kwa mkuu wa idara, ambatanisha tarehe ulizotuma kazi na tarehe zilizorudi, mambo ya heshima za kupitiliza ndiyo yanatuweka hapa.

BiTunu_Tanga

Dada Ciru pole sana. Mwalimu shikamoo, umenena.

Mimi niko upande wa Tanzania, nafanya kliniki mkoani na tasnifu yangu nimeshaitetea. Nataka nijibu lile la wateja wako maana hapo ndipo saikolojia ya kliniki inapoachana na tasnifu za fani nyingine, mtu wa uchumi hajawahi kukaa na dodoso lake akaliona linalia.

Mteja wako usimwingize wewe. Fikiria mama huyo amekaa mbele yako, wewe ndiye unayemsikiliza kila wiki mbili, ndiye uliyemtetea kwa mumewe, leo unamtolea fomu ya ridhaa unamwambia "ni hiari yako kabisa". Atasema hapana? Hawezi. Atasema ndiyo kwa sababu anaogopa kukuudhi au anaogopa kukosa huduma, na hata matokeo yake hayaaminiki kwa sababu atataka kukufurahisha, atajaza anajisikia vizuri. Njia mbili: ama wateja wako wote wanabaki nje ya utafiti na unaliandika hilo wazi kwenye vigezo, ama mtu mwingine kabisa, nesi au msaidizi wa utafiti asiye chini yako, ndiye anawaomba ridhaa na wewe hujui nani amekubali mpaka data imeshafungwa. Mimi nilichagua ya kwanza, ni nyepesi zaidi kuitetea.

Kingine, hebu angalia swali la 10 la hiyo hojaji ya Edinburgh, lile la mawazo ya kujidhuru. Hojaji ina maswali kumi na linauliza siku saba zilizopita, kwa hiyo mama akijibu chochote zaidi ya "kamwe" hapo, anazungumzia wiki hii. Jumla yake inaweza kuwa 8 tu, chini ya kiwango chako, na bado swali la 10 limejibiwa. Sasa ukiingiza majibu jioni nyumbani, unaligundua saa tatu usiku na mama ameshapanda daladala kurudi kijijini. Kwetu tuliweka sheria kwamba swali la 10 linaangaliwa kabla mama hajanyanyuka kitini. Msaidizi wa utafiti alikuwa na karatasi moja ngumu mezani, akiona alama pale, haendelei na kitu kingine, anamwambia mama "nimeona umejibu hivi, naomba tuzungumze kidogo", anauliza kama kuna mpango, kama kuna kitu nyumbani cha kutumia, mtoto yuko salama, nani yuko naye usiku, halafu anamshika mkono anampeleka chumba cha pili kwa daktari wa zamu. Jina la daktari wa zamu na namba yake zilikuwa zinaandikwa kila asubuhi kwenye hiyo karatasi.

Na angalia nani amekaa pembeni. Kuna mama alijibu sifuri kumi zote mfululizo, na mama mkwe amekaa hapo na mtoto mapajani anasikiliza. Msaidizi wetu akamwomba bibi ampeleke mtoto kwenye mizani maana foleni ilikuwa inasogea, akarudia hojaji kwa sauti ya chini. Yakatoka majibu mengine kabisa. Kwa hiyo kwenye chapta ya mbinu andika hojaji ilijazwa wapi, kwa sauti au kwa kusoma, na nani alikuwepo. Mtahini wangu wa nje aliuliza hilo hilo na jibu lilikuwa kwenye ukurasa.

La mwisho kwa leo, la ufuatiliaji. Miezi sita ukisema utawapigia simu, namba zitakuwa zimebadilika nusu. Ufuatiliaji ufunge na kadi ya chanjo ya mtoto! Wamama wanarudi wenyewe kwa chanjo wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu mtoto akifikisha miezi 9 kwa surua. Wapime wiki ya 6, anza vikundi, wapime tena kwenye miezi 9 wanapoleta watoto wachomwe. Humtafuti mtu, anakuja.

Kaka Kevo, uchungu wako naelewa, ila barua kwa mkuu wa idara ukiiandika kabla ya ule mkutano wa pamoja alioutaja Mwalimu inakuwa ugomvi, ukiiandika baada, ukiwa na imeili za makubaliano ambazo hazikutimizwa, inakuwa ushahidi.

Ciru_Kliniki

Jamani nimesoma hii yote nikiwa kwenye matatu na nimesoma tena nilipofika nyumbani. Bi Tunu hilo la chanjo sijui kwa nini hakuna mtu aliwahi kuniambia, kliniki ya watoto iko mlango wa pili kutoka kwangu.

Mwalimu naomba ueleze hiyo ya makala kutoka kwa wale 140. Na je kama nabadilisha kuwa jaribio dogo, wale 140 si wanakuwa wamepotea? Pia kuna mtu alinitisha kwamba mama akisema anawaza kujiua nalazimika kuripoti polisi, kwa hiyo niliogopa kuweka hilo kwenye fomu ya ridhaa.

MwalimuWaUzamili

Hawajapotea hata mmoja. Hao 140 ndio chapta yako ya kwanza ya matokeo: kiwango cha dalili, na nini kinaambatana nazo. Kwa watu 140 makadirio yako yatakuwa na upana wa asilimia 6 au 7 kila upande kama kiwango ni karibu 20, hilo linakubalika ukilisema wazi. Ila usiite utambuzi wa ugonjwa. Hojaji inachuja, haipimi kwa uhakika kama mazungumzo ya kitabibu. Hapo watahini wa kliniki hukaza sana, ukiandika "asilimia 20 wana sonona" badala ya "asilimia 20 walivuka kiwango cha hojaji" utajibu maswali nusu saa.

Kuhusu polisi, watu wanachanganya mambo mawili. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kilikuwa kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na Mahakama Kuu Januari 2025 ilikitangaza kinapingana na katiba. Isitoshe kuwaza si kujaribu. Kwenye fomu ya ridhaa mwambie mama ukweli kwa lugha ya kawaida: tutakayozungumza ni siri, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mtoto yako hatarini, hapo nitamwita daktari ili upate msaada, na nitakuambia kabla ya kufanya hivyo. Na majibu yao ya kiafya ni data nyeti chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019, majina kando, namba kando, faili mbili tofauti.

Salma_Leeds

Habari zenu, mimi nilizaliwa Mombasa ila mafunzo ya udaktari wa saikolojia ya kliniki nimefanyia huku Uingereza, nataka niseme kidogo kuhusu tofauti maana inasaidia.

Huku mafunzo ni miaka mitatu na mwanafunzi anakuwa mwajiriwa wa NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, analipwa mshahara, kwa hiyo siku za wiki zimegawanywa kabisa, hizi za wagonjwa, hii ya darasa, hii ya utafiti, na ile ya utafiti mtu akikuita wodini unaruhusiwa kusema leo sipo. Sisemi kwa kujigamba, nasema kwa sababu dada Ciru hana hiyo siku na asipoitafuta kwa maandishi hataipata. Muombe mkuu wa kliniki siku moja, hata nusu siku isiyobadilika, iandikwe kwenye ratiba ya zamu kama zamu nyingine. Kazi ya kliniki haina huruma na tasnifu, daima kuna mtu mbele yako anayeumia leo, na ukurasa unaweza kungoja kesho, na hivyo ndivyo mwaka unakwisha.

Kitu kingine, huku kuna wasimamizi wa aina mbili na wanatenganishwa: wa tasnifu na wa kazi ya kliniki. Yule wa kliniki ndiye unayemwambia kwamba jana mama alinieleza jambo nikashindwa kulala. Ukiwa huna huyo, hayo yote yanamwangukia wa tasnifu ambaye anataka jedwali. Dada unakusanya data za akina mama wenye mawazo ya kufa halafu unakwenda kuziandika peke yako usiku. Tafuta mwenzako mkubwa kwenye fani, mkutane kila wiki mbili, asiwe mmoja wa wasimamizi wako. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo watu wengi wa fani yetu wanaliacha, wanahudumia kila mtu wao wenyewe hakuna.

Na umbo la tasnifu. Huku kozi nyingi zinakubali sehemu ya mapitio ya tafiti, sehemu ya utafiti wenyewe iliyoandikwa kama makala, na tafakari fupi mwishoni. Waulize kwenu kama wanaruhusu tasnifu ya makala. Kama wanaruhusu, mapitio ukiyafanya kwa utaratibu, yaani umesema umetafuta wapi, kwa maneno gani, umeacha nini na kwa nini, yanakuwa makala moja, na hao 140 wanakuwa ya pili. Chapta ya pili inayokaa kwa msimamizi muhula mzima mara nyingi ni ile ya "fulani alisema, fulani naye akasema", haina njia, kwa hiyo anayesoma hajui akosoe nini.

Hamisi_Majedwali

Naongezea kwenye data kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku, nawasaidia wanafunzi wa afya na uchambuzi.

Kabla hujagusa programu yoyote, iwe SPSS au R, chora majedwali matupu. Yaani kabisa, jedwali la 1, sifa za akina mama, safu hizi, nguzo hizi, namba hakuna. Jedwali la 2, alama za hojaji. Jedwali la 3, waliokubali, waliokataa, waliopotea na kikao gani. Wapeleke wasimamizi wote wawili kwenye ule mkutano wakubali majedwali matupu. Ugomvi wa namba dhidi ya maneno huwa unaisha hapo maana kila mtu anaona kitakachotoka, na ukishaingiza data unajaza tu. Watu wengi nawaona wanalinganisha kila swali na kila swali lingine mpaka wapate kitu ambacho kompyuta imekiwekea nyota tatu, yaani uhusiano wenye nguvu kitakwimu, mwisho tasnifu haina hoja, ina majedwali arobaini.

Dada kwa hao 140, angalia waliokosa kujibu swali moja moja. Usiweke sifuri kwenye pengo! Sifuri kwenye hojaji hii ni jibu, linamaanisha mama yuko sawa hapo, na ukiliweka mahali pa kimya umempunguzia mtu alama kumi na nne ikawa kumi na mbili, akatoka kwenye kundi. Na maswali kadhaa ya Edinburgh yanasomwa kinyume, jibu la kwanza ni sifuri kwa mengine na ni tatu kwa mengine. Chukua fomu kumi za karatasi bila kuchagua, zijumlishe kwa mkono, ulinganishe na kompyuta. Dakika ishirini hizo zimeokoa tasnifu za watu.

Kama ni jaribio la kugawa makundi hata liwe dogo, lisajili kabla mama wa kwanza hajaingia. Kuna rejista ya Afrika nzima ya majaribio, PACTR, iko Cape Town, kusajili ni bure. Majarida mengi makubwa hayapokei jaribio lililosajiliwa baadaye, utakuwa umemaliza kazi nzuri na huna pa kuichapisha.

Kevo_Pwani

Hilo la kusajili sikulijua, asante. Na Bi Tunu nimekuelewa kuhusu ushahidi, niseme tu barua isiogopwe ikifika wakati wake.

Ciru_Kliniki

Nimewaandikia wasimamizi wote wawili imeili moja, nimeweka hesabu ya 384 na 160 kama Mwalimu alivyoeleza, na ukurasa mmoja wa swali jipya. Yule wa takwimu amejibu usiku uleule, anasema hesabu ni sahihi na tukutane. Wa pili bado. Nimezungumza pia na nesi msimamizi wa kliniki ya watoto, amekubali vikundi vikae kwenye chumba chao mchana baada ya chanjo kuisha, chumba kina mlango unaofungika. Wateja wangu nimeamua wabaki nje wote.

Swali moja limebaki. Barua yangu ya kamati ya maadili inaisha mwezi ujao na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, pia. Je niendelee kupima wakati natayarisha mabadiliko, au nisimame? Naogopa kupoteza wamama wa wiki ya 6 wanaokuja sasa hivi.

MwalimuWaUzamili

Leo tuma maombi mawili kwa kamati, la kuongeza muda wa barua ya sasa na la mabadiliko ya itifaki, yaani mpango wa utafiti waliouidhinisha, kila moja na fomu yake, kwa sababu la muda linaweza kupita haraka na la mabadiliko litahitaji kikao. Kwenye la mabadiliko ambatanisha fomu mpya ya ridhaa, karatasi ya swali la 10 aliyoeleza Bi Tunu, na barua ya hospitali kuhusu chumba. NACOSTI nao omba kuongezewa muda mapema, watataka ripoti ya ulipofikia.

Mpaka tarehe ya mwisho kwenye barua yako, unaweza kupima kwa itifaki ya zamani tu, hojaji ile ile, fomu ile ile, na usiguse vikundi. Wateja wako waache nje kuanzia leo, hilo halihitaji kusubiri kamati. Siku barua ikiisha kama jibu halijafika, simama, hata kama kuna mama ishirini kwenye foleni. Data iliyokusanywa bila kibali hutaweza kuitumia, utalazimika kuiripoti, na jarida likiuliza namba na tarehe ya kibali hakuna maelezo yatakayokusaidia. Hao wa wiki ya 6 watakaopita wakati umesimama, wahudumie kama mwanasaikolojia wa kliniki, anayehitaji msaada apate, ila jina lake lisiingie kwenye faili la utafiti.

Na huyo msimamizi wa pili akikaa kimya mpaka Jumatatu, mpigie simu, usitume imeili nyingine. Mwambie wa takwimu ameshakubali na mnahitaji saa moja yake.

BiTunu_Tanga

Dada, ukipata nafasi nitumie ujumbe wa ndani, nina ile karatasi ya swali la 10 tuliyotumia sisi, nitakupa uibadilishe kwa mazingira ya hospitali yenu. Ila mwoneshe kwanza daktari wa zamu wa kwenu aisome, yeye ndiye atakayegongewa mlango.